Bomba la pumzi linapolegea: Malezi ya mtoto mchanga anayepumua kwa mrija wa shingoni

PUMZI ni neema ambayo binadamu huisahau mpaka siku inapomponyoka. Mtu mzima aliye buheri wa afya hupumua mara 12 hadi 20 kwa dakika bila kuhisi kwamba anafanya kazi yoyote. Mtoto aliyezaliwa juzi hupumua mara 30 hadi 60 kwa muda uo huo, na hewa yote hiyo hupitia kwenye bomba lenye urefu wa sentimita 4 hivi na upana wa ndani wa takriban milimita 4.

Bomba hilo jembamba ndilo tegemeo la uhai wake. Linapokuwa imara, mzazi halifikirii kamwe. Linapokuwa legevu kupita kiasi, kila kilio, kila kikohozi na kila funda la maziwa huweza kugeuka mashaka.

Hali hiyo ya kulegea kwa bomba la pumzi huitwa na madaktari trakeomalasia. Utafiti uliofanywa Rotterdam, Uholanzi, na kuchapishwa mwaka wa 2005 ulikadiria kwamba angalau mtoto 1 kati ya 2,100 huzaliwa akiwa na udhaifu wa aina hii katika njia zake za hewa.

Wengi wao hupata nafuu bila kufanyiwa jambo lolote kubwa. Wachache ambao udhaifu wao umekithiri hulazimika kutobolewa shingo na kuwekewa mrija wa kupumulia, na baadhi yao huhitaji mashine juu ya mrija huo.

Makala haya yanawahusu hao wachache pamoja na wazazi wao, ambao hurejea nyumbani wakiwa wamekabidhiwa kazi inayofanywa kwa kawaida na wauguzi wa chumba cha wagonjwa mahututi.

Magegedu yasiyokaza

Bomba la pumzi huanzia chini ya zoloto, yaani kisanduku cha sauti, na kuteremka hadi kifuani, ambako hugawanyika matawi mawili: moja la pafu la kulia na jingine la pafu la kushoto. Kuta zake hushikiliwa na pete za gegedu, kitu kigumu lakini chenye kunyumbuka, kama kile mtu anachokigusa akikunja sikio lake.

Pete hizo si duara kamili. Zina umbo la herufi C, na uwazi uliobaki upande wa nyuma huzibwa na utando wa misuli ambao umepakana na umio, yaani njia ya chakula.

Mtu anapovuta pumzi, kifua hutanuka na bomba lililomo ndani yake hutanuka pia. Anapoitoa, hasa kwa nguvu, shinikizo ndani ya kifua hupanda na kulibana bomba. Magegedu yaliyokomaa hustahimili mbano huo. Yaliyo laini hukunjamana, utando wa nyuma husukumwa mbele, na njia ya hewa hufumbika.

Ndiposa mtoto aliye na ulegevu wa sehemu ya kifuani hutaabika zaidi anapolia, anapokohoa au anapojikamua wakati wa haja kubwa, ilhali akilala kwa utulivu anaweza kuonekana kama mtoto asiye na tatizo lolote.

Mwongozo wa wataalamu wa tiba ya mapafu barani Ulaya uliotolewa mwaka wa 2019 unahesabu kuwa ni ugonjwa iwapo zaidi ya nusu ya uwazi wa bomba hupotea mtoto anapotoa pumzi. Uwazi unaopotea ukizidi asilimia 90, ugonjwa huhesabiwa kuwa mkali.

Msomaji anaweza kudhani kwamba milimita moja haina uzito. Kanuni za fizikia zinasema vingine. Bomba likipungua hadi nusu ya kipenyo chake, upinzani dhidi ya hewa inayopita kwa utulivu huongezeka mara 16. Kwa hivyo, uvimbe au mkunjo mdogo ambao mtu mzima asingeuhisi humwacha mtoto mchanga akipigania kila pumzi.

Visababishi ni vingi. Kuna watoto ambao huzaliwa magegedu yao yakiwa hayajakomaa. Kuna wale ambao bomba lao hubanwa na mshipa mkubwa wa damu uliopita mahali pasipo pake. Wengine huzaliwa umio wao ukiwa umekatika au umeungana na bomba la pumzi, na ulegevu huo hubaki hata baada ya umio kutengenezwa. Aidha, watoto waliozaliwa kabla ya wakati na kukaa kwa muda mrefu kwenye mashine ya kupumulia wamo katika hatari.

Si kila mluzi ni pumu

Dalili za ulegevu huu hufanana na za magonjwa mengine, na hapo ndipo wengi hupotea njia. Mtoto hukohoa kikohozi kizito kama mbwa anayebweka. Hutoa mluzi au mkoromo anapopumua. Makohozi hukwama kifuani na kuleta homa ya mapafu inayojirudia. Katika hali mbaya, hulia mara moja, hukakamaa, midomo yake hugeuka samawati na hata kuzimia.

Si ajabu mtoto kama huyo akatibiwa pumu kwa miezi kadhaa. Kumbe dawa za kutanua njia za hewa ambazo humfaa mwenye pumu zinaweza kumdhuru mwenye ulegevu. Dawa hizo hulegeza misuli, na misuli ya utando wa nyuma ya bomba ni miongoni mwa vitu vichache vinavyolizuia lisifumbike. Ikilegezwa, bomba hufumbika zaidi.

Hii haina maana kwamba mzazi aache dawa alizoandikiwa. Maana yake ni kwamba mluzi ulioanza wiki za kwanza za maisha, usiobadilika kwa dawa na unaozidi mtoto anapolia, unastahili kupelekwa kwa daktari bingwa wa watoto au wa masikio, pua na koo.

Uchunguzi wa kuaminika zaidi hufanywa kwa kamera nyembamba inayoteremshwa hadi kwenye bomba la pumzi. Lazima ufanywe mtoto akiwa anapumua mwenyewe. Akilazwa usingizi mzito mno, au akisukumiwa hewa kwa mashine wakati wa uchunguzi, bomba hubaki wazi na ugonjwa hujificha.

Kwa nini shingo itobolewe?

Upasuaji wa kutoboa bomba la pumzi kupitia shingoni, yaani trakeostomi, si jambo geni. Mwaka wa 1825 daktari Mfaransa, Pierre Bretonneau, aliutumia kumwokoa mtoto aliyekuwa akisongwa na dondakoo. Mwanzoni mwa karne ya 20, daktari Chevalier Jackson wa Marekani aliweka taratibu zilizoufanya kuwa salama zaidi, na misingi yake ingali inafuatwa.

Kwa mtoto mwenye ulegevu mkali, madaktari hufikia uamuzi huo anaposhindwa kutolewa kwenye mashine, anapopatwa na vipindi vya kuzimia, au anaposhindwa kunenepa kwa sababu nguvu zake zote zinatumika katika kupumua. Mrija huingizwa katika tundu lililo chini ya zoloto na kufungwa kwa kamba laini zinazozunguka shingo.

Wazazi wengi hutoka katika chumba cha upasuaji wakiamini kwamba hatari imekwisha. La hasha. Mrija wa shingoni hauponyi gegedu lililolegea. Kazi yake ni kulishikilia bomba wazi kwa ndani, kama mti unaoegemezwa ukuta usianguke, huku mwili ukipewa muda wa kukua. Hatari haijaondoka, imebadilisha sura.

Urefu wa mrija

Mirija ya watoto wachanga huwa na upana wa ndani wa milimita 3 au zaidi kidogo. Watu wengi huuliza tu kuhusu upana huo. Kwa mtoto mwenye ulegevu, urefu una uzito uo huo, au hata zaidi.

Tuseme sehemu iliyolegea iko chini, karibu na pale bomba linapogawanyika. Mrija wa kawaida wa mtoto mchanga una urefu wa takriban sentimita 3, na ncha yake inaweza kuishia juu ya sehemu hiyo. Mtoto akilia, bomba hufumbika chini ya ncha, na mrija unakuwa kama mlango uliofunguliwa kuelekea kwenye ukuta.

Katika hali kama hiyo, madaktari huagiza mrija mrefu zaidi uvuke sehemu iliyolegea. Hata hivyo, ukipita kiasi utaingia katika tawi la pafu moja na kuliacha jingine bila hewa, au ncha itajikita ukutani na kuleta kidonda. Tofauti kati ya mrija unaofaa na usiofaa huwa ni milimita chache, na ndiyo maana hupimwa kwa kamera.

Fauka ya hayo, mtoto hukua. Mrija uliomfaa akiwa na miezi 3 huenda ukawa mfupi akitimiza miezi 9. Mtoto aliyekuwa shwari akianza tena vipindi vya kugeuka samawati, swali la kwanza la kumuuliza daktari ni hili: je, mrija ungali unafika panapostahili?

Hewa kama nguzo

Kuna watoto ambao ulegevu wao umeendelea hadi kwenye matawi ya bomba, ambako mrija hauwezi kufika. Kwa hao, nguzo inayotumika ni hewa yenyewe.

Mashine huunganishwa na mrija na kusukuma hewa kwa shinikizo ambalo halishuki hadi sufuri hata mtoto anapotoa pumzi. Shinikizo hilo huziweka kuta wazi, mithili ya puto ambalo halijaachwa kuishiwa na upepo. Hupimwa kwa sentimita za maji, na watoto wenye ulegevu mkali wanaweza kuhitaji zaidi ya sentimita 10.

Kiwango hakikisiwi. Daktari huangalia kwa kamera huku shinikizo likipandishwa polepole, mpaka bomba linapobaki wazi. Likiwa dogo, bomba hufumbika. Likizidi, mapafu yanaweza kuumia na damu inayorudi moyoni ikapungua. Mzazi asiguse vidude vya mashine hiyo kwa kuiga aliyoyaona kwa mgonjwa mwingine.

Kazi ya kila siku nyumbani

Pua ya binadamu hufanya kazi tatu: huipasha hewa joto, huitia unyevu na kuichuja vumbi. Mtoto anayepumua kupitia shingoni amenyimwa zote tatu. Hewa kavu hugandisha makohozi, na makohozi yaliyoganda huziba mrija. Ndiyo sababu huvikwa kichujio kidogo cha unyevu kwenye mdomo wa mrija, au kuwekewa mashine ya mvuke hasa wakati wa usiku.

Kazi ya pili ni kufyonza makohozi. Mtoto mwenye ulegevu hawezi kukohoa ipasavyo, kwa kuwa bomba lake hujifunga wakati ule ule anapohitaji liwe wazi. Makohozi yafyonzwe kila yanaposikika yakikoroma au mtoto anapohangaika, wala si kwa kufuata saa pekee.

Mpira wa kufyonzea usizame zaidi ya ncha ya mrija. Wauguzi hupima urefu kwa kutumia mrija wa akiba na kuutia mpira alama. Anayeusukuma mpaka ugonge kitu huchubua ukuta wa bomba, na nyama changa huota juu ya mchubuko na kuziba njia. Kila mfyonzo uishe ndani ya sekunde 5 hadi 10, kwa sababu mpira ukiwa ndani mtoto hapati hewa ya kutosha. Mfyonzo mrefu na wenye nguvu nyingi humfumba zaidi aliye na bomba legevu.

Kamba za shingoni zikague kila siku. Kidole kimoja tu ndicho kinachostahili kupita kati ya kamba na shingo. Zikilegea, mrija huchomoka. Zikikaza mno, ngozi hufanya vidonda. Tundu lisafishwe kila siku na kukaushwa. Kamba hubadilishwa na watu wawili, mmoja akiwa ameushikilia mrija muda wote.

Mrija wa kwanza hubadilishwa hospitalini, mara nyingi takriban wiki moja baada ya upasuaji. Baadaye mzazi hufunzwa kuubadilisha mwenyewe, kila wiki au kwa muda utakaoelekezwa kulingana na aina yake. Kwa mtoto mwenye ulegevu mkali, kazi hii haifanywi na mtu mmoja wala mara baada ya kulisha. Mrija unapotoka, nguzo imeondoka, na mpya lazima uwe tayari mkononi.

Kuhusu chakula, wengi wanaweza kunyonya au kulishwa kwa mdomo baada ya kumeza kwao kuchunguzwa. Kucheua maziwa kwa wingi huunguza njia za hewa na kuzidisha uvimbe. Kwa hivyo mtoto hushikiliwa wima baada ya kula, na huenda akapewa dawa.

Nyumba nayo ina kanuni zake. Moshi wa kuni, wa jiko la makaa na wa sigara haustahili kuwa katika chumba anamolala. Poda, manyoya ya blanketi, mchanga na shanga ndogo ni hatari, kwani tundu la shingoni halina pua ya kuvizuia. Aoshwe kwa maji machache, na maji yasifike shingoni.

Chanjo zake zote zitimizwe kwa wakati, ikiwemo ile ya kukinga homa ya mapafu ambayo Kenya iliingiza katika ratiba yake ya kawaida mwaka wa 2011. Mafua ambayo kwa ndugu yake ni kero ya siku tatu, kwake yanaweza kuwa safari ya hospitali.

Dakika za hatari

Kuna jambo moja ambalo jamaa na majirani huwa hawalielewi. Mtoto mwenye mrija wa shingoni hulia bila sauti, kwa kuwa hewa hutokea chini ya kisanduku cha sauti. Hawezi kuita. Mama aliye jikoni hatasikia chochote. Kwa hiyo mtoto huyo haachwi peke yake hata kwa dakika moja, na usiku hufungwa kifaa kinachopima oksijeni na kupiga kengele inaposhuka.

Mkoba wa dharura uandamane naye popote aendapo, hata akipelekwa uani kuota jua. Ndani yake muwe na mrija wa akiba wa kipimo chake, mwingine mdogo wake, makasi, kamba, mipira ya kufyonzea, mashine ya kufyonza inayotumia betri au ya kukanyaga kwa mguu, na mfuko wa kupulizia hewa kwa mkono. Stima inayokatika bila taarifa haisubiri mtu ajiandae.

Mtoto akikosa pumzi, wanaomtunza huita msaada, kisha hufuata hatua walizofunzwa. Kwanza hufyonza mrija. Mpira ukikataa kupita, mrija umeziba: kata kamba, uutoe, uingize mpya papo hapo. Ukikataa, jaribu ule mdogo. Huu si wakati wa kutafuta chanzo wala kusubiri gari.

Iwapo hapumui baada ya mrija kubadilishwa, apulizwe pumzi 5 kupitia mrija kwa mfuko, na huduma ya kufufua iendelee huku akikimbizwa hospitalini. Mrija ukikosa kuingia kabisa, hewa hupulizwa kupitia tundu, au mdomoni tundu likiwa limezibwa kwa kidole. Wazazi wamuulize daktari mapema kama njia ya juu ya mtoto wao iko wazi, kwa sababu si kila mtoto anaweza kupulizwa kupitia mdomoni.

Mtoto mwenye ulegevu ana hatari moja ya ziada. Anaweza kugeuka samawati ingawa mrija uko safi na uko mahali pake. Kilio kimelifumba bomba chini ya ncha. Kubadilisha mrija kwa papara hapo hakusaidii na huweza kuzidisha kilio. Linalofaa ni kumtuliza na kumpa hewa yenye shinikizo kwa mfuko, taratibu, mpaka bomba lifunguke. Waliomzoea mtoto hujifunza kutambua tofauti hiyo kwa kuangalia kama mpira unapita bila kizuizi.

Damu mbichi ikitoka katika mrija, hata kidogo, isipuuzwe. Mara nyingi ni mchubuko wa kufyonza. Mara chache ni onyo kwamba ncha imeanza kula ukuta ulio karibu na mshipa mkubwa wa damu, na onyo hilo huenda lisirudiwe.

Upasuaji mwingine na uvumbuzi

Zipo njia za kulisaidia bomba lenyewe. Mwaka wa 1948, madaktari Robert Gross na Edward Neuhauser wa Boston, Marekani, walieleza upasuaji wa kuuvuta mshipa mkubwa wa damu na kuushona nyuma ya mfupa wa kifua. Mshipa ukivutwa mbele, huvuta na ukuta wa bomba, na nafasi huongezeka. Siku hizi baadhi ya wapasuaji hushona pia utando wa nyuma kwenye uti wa mgongo, ili usisukumwe ndani.

Katika mwezi wa Februari 2012, madaktari wa Chuo Kikuu cha Michigan walimwekea mtoto mchanga, ambaye tawi la pafu lake la kushoto lilikuwa likifumbika, kiunzi kilichochapishwa kwa printa ya umbo na kumtoshea yeye tu. Kiunzi hicho hulizunguka bomba kwa nje na kulishikilia wazi, kisha huyeyuka mwilini baada ya miaka 3 hivi. Mtoto huyo, ambaye tayari alikuwa na mrija wa shingoni, aliachishwa mashine siku 21 baada ya upasuaji. Taarifa ya tukio hilo ilichapishwa mwaka wa 2013, na kufikia mwaka wa 2015 watoto watatu walikuwa wameelezwa.

Uvumbuzi huo ni wa kutia moyo, lakini haujawa tiba ya kawaida, na kwa mzazi wa Kenya bado uko mbali. Kwa sasa, kinachoamua hatima ya watoto wengi ni mrija unaofaa, mashine inapohitajika na mikono iliyofunzwa.

Siku ya kuondoa mrija

Habari njema ni kwamba wakati uko upande wa mtoto. Bomba hupanuka na magegedu hukaza kadiri anavyokua, na wengi huwa na nafuu kubwa kati ya miezi 18 na 24. Wenye ulegevu mkali huchukua muda mrefu zaidi, pengine miaka kadhaa.

Kuondoa mrija si zawadi ya siku ya kuzaliwa wala jambo la kuharakishwa kwa sababu shule inafunguliwa. Kwanza mtoto huwa amemaliza muda mrefu bila mashine na bila vipindi vya kuzimia. Kisha kamera huteremshwa tena kuangalia uimara wa bomba na nyama iliyoota juu ya tundu. Baadaye mrija hupunguzwa upana au huzibwa kwa kifuniko mchana, akiwa macho, na hatimaye usiku, akiwa amelala chini ya uangalizi.

Akifaulu mitihani hiyo, mrija hutolewa hospitalini na mtoto hubaki huko siku moja au mbili. Tundu aghalabu hujifunga lenyewe. Lililokaa kwa miaka huenda likahitaji kushonwa.

Mzigo wa mlezi

Lipo swali ambalo daktari hana budi kuliuliza kabla ya kumruhusu mtoto aende nyumbani: nani atakesha? Mtu mmoja hawezi. Angalau watu wawili wanapaswa kufunzwa na kuonekana wakiubadilisha mrija kwa mikono yao wenyewe mbele ya muuguzi. Baba hastahili kuwa mgeni katika mafunzo hayo, wala kazi yote isitupiwe mama kwa kuwa ndiye aliyezaa.

Wataalamu wa masikio, pua na koo hupatikana zaidi katika miji mikubwa na hospitali za rufaa. Familia inayoishi mbali inapaswa kukubaliana na hospitali iliyo karibu kabla ya dharura, na kuiachia barua inayotaja aina, upana na urefu wa mrija, kiwango cha mashine, na kama mtoto anaweza kupulizwa kwa mdomo. Mganga wa zamu wa usiku ambaye hajawahi kumwona mtoto huyo ataihitaji barua hiyo kuliko maelezo ya mzazi aliyetaharuki.

Gharama nazo zipangwe mapema. Tangu Oktoba 2024, Mamlaka ya Afya ya Jamii (SHA) ilipochukua nafasi ya bima ya zamani ya NHIF, ni jambo la busara kuuliza ofisini na hospitalini ni vifaa vipi vinavyolipiwa na vipi vitatoka mfukoni. Mipira ya kufyonzea huisha. Vichujio huisha. Kurudia kutumia kilichokwisha muda wake kwa sababu ya kubana matumizi kunaweza kumrudisha mtoto wodini kwa gharama kubwa zaidi.

Hatimaye, jamii ina sehemu yake. Tundu la shingoni haliambukizi, si laana, wala si dalili kwamba mtoto anachungulia kaburi. Mtoto huyo husikia, hucheka ingawa kicheko chake hakina sauti, na anahitaji kuzungumziwa, kuimbiwa na kufunzwa ishara za mikono ili lugha isimpite wakati akiingoja sauti yake.

Jirani anayetaka kusaidia asilete ushauri wa mitishamba ya kifua. Ajifunze kufyonza mrija, kisha aje usiku mmoja kwa wiki akae na mtoto, ili mama na baba wapate kulala.